Teroldego: Kutoka Trentino hadi Dodoma

Teroldego ni aina ya zabibu nyekundu inayotoa mvinyo wa rangi nzito na wenye ukali wa tunda, na makao yake ya asili ni Piana Rotaliana, yaani uwanda mdogo wa changarawe ulioachwa na mito Adige na Noce katika jimbo la Trentino, kaskazini mwa Italia. Jina lake limo katika hati za karne ya 15, karne nyingi kabla ya eneo hilo kuwa sehemu ya Italia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Utaalamu wake uliimarishwa na shule ya kilimo ya San Michele all'Adige, iliyofunguliwa mwaka 1874 chini ya utawala wa Austria. Mwaka 1971 serikali ya Italia iliupa mvinyo huo hifadhi ya jina la asili, kwa maana kwamba mvinyo usiotoka katika uwanda huo haupaswi kuitwa Teroldego Rotaliano.

Mzabibu, hata hivyo, husafiri kwa urahisi kuliko jina la mahali. Kanuni ya Kanisa Katoliki inataka mvinyo wa misa utokane na zabibu pekee, na kwa sababu hiyo wamisionari walipeleka mizabibu hata pale ambapo wenyeji walikuwa na vinywaji vyao vya kutosha. Katika Tanganyika, kilimo hicho kilianza Bihawana, karibu na Dodoma, mwaka 1957, katika jimbo la kanisa lililohudumiwa na mapadre Wapasionisti, shirika lililoasisiwa Italia katika karne ya 18. Baadaye wakulima wa Kigogo walikizoea, hasa kwa aina iitwayo Makutupora, na katika miaka ya 2000 wawekezaji wa Kiitalia walipanda Hombolo aina za kwao, Teroldego ikiwemo.

Dodoma iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100 na hupata mvua katika msimu mmoja tu, na ukame wa miezi mingine huyapunguza magonjwa ya ukungu yanayoisumbua mizabibu penye unyevu. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mmea, mkulima mwenyewe huuamsha kwa kupogoa, yaani kukata matawi ili machipukizi mapya yazae, na hivyo huvuna mara mbili kwa mwaka, ilhali mwenzake wa Trentino huvuna mara moja, majira ya vuli.

Kwa msomaji wa Mutanga Nord, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, historia hii inalinganishwa vyema na ile ya urwarwa, pombe ya ndizi ya Burundi, ambayo hupewa nafasi ya heshima katika sherehe za mahari bila kuhitaji sheria ya kulinda jina lake, kwa kuwa inalindwa na desturi ya watu wanaoitengeneza na kuinywa. Trentino inategemea sheria na ardhi, Burundi inategemea desturi, na Dodoma, iliyopokea mmea bila kupokea jina, inalazimika kujenga sifa yake kwa ardhi yake yenyewe na kwa wakulima wanaoijua mizabibu yao.