Watu Wazima Wawili Ufukweni

Kila likizo kuna mtoto mgeni katika kundi letu la skauti anayeniuliza kwa nini simruhusu mtu kutia mguu baharini mpaka watu wazima wawili wanaojua kuogelea wawe wamekwisha kusimama ufukweni, simu zimewekwa kando. Watoto wa Likoni, hapa Mombasa, wamekulia majini, na masharti hayo wanayaona kama dharau. Siwatishi. Nawaketisha mchangani nikawasimulia habari za wavulana tisa wa London.

Walworth ni mtaa wa kusini mwa London, na mwaka 1912 ulikuwa mtaa wa watu wa kipato cha chini. Kundi la skauti la hapo lilikuwa likienda kambini kwa mashua ya tanga, likiteremka mto Thames kuelekea kisiwa cha Sheppey. Tarehe 4 Agosti, walipokuwa wanakaribia Leysdown, upepo wa ghafla uliipiga mashua, ikapinduka. Walikufa maji wavulana tisa, wanane wa kundi lenyewe na mmoja aliyetoka katika meli ya mafunzo ya Arethusa. Winston Churchill, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa waziri wa jeshi la majini, alitoa meli ya kivita ikawarudisha marehemu London. Walizikwa katika makaburi ya Nunhead, na umati mkubwa ulijipanga barabarani kuwasindikiza.

Sisi wa pwani hatuhitaji maelezo marefu ya jambo hilo. Tunajua upepo wa Agosti unavyoweza kubadilika. Tunajua pia kwamba mashua iliyojaa watoto ni tofauti na mashua iliyojaa watu wazima, kwa sababu watoto hukimbilia wote upande mmoja kutazama kitu, au hushikana kwa hofu pale ambapo nahodha anataka watu waketi chini na kutulia. Watu wazima waliokuwa na wavulana wale walijitahidi kuwaokoa, na walioweza kuokolewa waliokolewa. Lakini bahari haihesabu nia njema.

Nawasimulia watoto kisa hiki kwa sababu katika skauti tuna mambo mengi ya kupendeza yanayojifundisha yenyewe. Skafu haihitaji kuhimizwa. Saluti ya vidole vitatu, moto wa kambi, nyimbo, mafundo ya kamba, majina ya vikosi, yote hayo mtoto hushika kwa wiki moja. Masharti ya usalama ndiyo yanayochosha, na kiongozi asiyejua yalikotoka ndiye wa kwanza kuyalegeza.

Chimbuko la mila za skauti ni kambi ya Agosti 1907 katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Robert Baden-Powell, jenerali aliyejipatia sifa kwa kuushikilia mji wa Mafeking siku 217 katika vita vya Makaburu, aliwakusanya huko wavulana takriban 20. Nusu walitoka shule za matajiri na nusu walikuwa watoto wa wafanyakazi wa miji ya Poole na Bournemouth. Hata ada aliitofautisha: watoto wa matajiri walilipa pauni moja, na wengine shilingi tatu na nusu. Aliwagawa katika vikosi vinne, mbwa mwitu, mafahali, kunguru na ndege wa pwani sululu, na kila kikosi kikawa na kiongozi wake, naye mvulana vilevile. Asubuhi aliwaamsha kwa kupuliza pembe ya tandala aliyokuja nayo kutoka vita vya Wamatabele.

Mpango huo wa vikosi ndio jambo la maana kuliko yote aliyotuachia. Mtoto wa miaka 13 anapokabidhiwa wenzake sita au saba, ajue nani ana pumu, nani hajala, nani analia usiku akimtaka mama yake, anakua mbele ya macho yako. Ndiyo sababu hadi leo mimi siwahesabu watoto peke yangu. Kila kiongozi wa kikosi huhesabu wake, huniletea idadi, nami nahesabu tena. Hesabu mbili zisipolingana, hakuna anayesogea.

Kitabu cha Baden-Powell kuhusu skauti kilitoka mwaka 1908, kikaenea upesi kuliko alivyotarajia. Wasichana nao walitaka. Katika mkutano wa Crystal Palace mwaka 1909 walijitokeza wakiwa wamevaa kiskauti, na mwaka uliofuata kikaanzishwa chama chao cha Girl Guides chini ya dada yake, Agnes. Hapa Kenya sasa wasichana wamo katika skauti sawa na wavulana, kuanzia Sungura walio wadogo kabisa, kisha Chipukizi, Mwamba na Jasiri. Napenda majina hayo. Yanasikika kwetu.

Skauti yenyewe ilifika Kenya mwaka 1910, ikiwa ya watoto wa Kizungu, na hapo historia yetu inakuwa chungu. Kanuni ya nne inamwambia skauti awe rafiki wa wote na ndugu wa kila skauti mwenzake, bila kujali nchi, daraja wala imani. Serikali ya kikoloni ilikuwa na ubaguzi katika shule, hospitali na mitaa, na makundi ya skauti yakaufuata: Waafrika kwao, Wahindi kwao, Wazungu kwao. Wavulana Waafrika waliikariri kanuni ya nne asubuhi huku wakijua ndugu zao wa upande wa pili wa mji hawatakula nao sahani moja. Wengi waliichukua kwa maneno yake yenyewe wakaitumia kudai haki, na wako waliounda makundi yao bila kibali cha mtu. Na wakati wa Hali ya Hatari serikali iliipeleka skauti hadi ndani ya kambi ya Wamumu, ambako vijana waliotuhumiwa kuwa Mau Mau walifungiwa, ikawa chombo cha kuwanyoosha. Viongozi wenzangu wengine hawapendi nikiwaeleza Mwamba habari hizi. Mimi naona kijana wa miaka 16 anayevaa skafu ana haki ya kujua ilipopita.

Ziko mila mbili zinazogusa Afrika moja kwa moja, na zote mbili zinahitaji uangalifu. Ya kwanza ni shanga za mbao wanazovaa viongozi waliohitimu mafunzo ya Wood Badge. Kozi ya kwanza ilifanyika Septemba 1919 katika uwanja wa Gilwell, na shanga walizopewa wahitimu zilitolewa katika mkufu wa Dinizulu, mfalme wa Wazulu, ambao Baden-Powell aliupata alipokuwa vitani huko mwaka 1888. Dinizulu mwenyewe alipelekwa uhamishoni kisiwa cha St Helena. Shanga hizo ninazivaa, na ninapozivaa nawaambia watoto ni za nani.

Ya pili ni kupeana mkono wa kushoto. Hapa pwani mama akimwona mwanawe anamnyooshea mtu mzima mkono wa kushoto humpiga kikofi cha mgongo, maana mkono ule una kazi yake na si ya kusalimia. Nimewahi kupokea wazazi waliokuja shuleni kwa hasira wakidhani tunawafundisha watoto utovu wa adabu, na walikuwa na haki ya kuuliza. Inasimuliwa kwamba Baden-Powell, alipokwenda Kumasi katika vita vya Ashanti vya 1895 na 1896, alipewa mkono wa kushoto na mmoja wa wakuu wa huko, kwa kuwa mkono huo hushika ngao, na anayeutoa kusalimia ameweka ngao chini. Wanahistoria wanabishana kama jambo hilo lilitokea. Lisilobishaniwa ni kwamba vita vile vilimwondoa Prempeh, mfalme wa Waashanti, katika kiti chake. Alipelekwa Sierra Leone, kisha mwaka 1900 Shelisheli, katika bahari hii yetu, na hakurudishwa kwao mpaka mwaka 1924. Uamuzi wangu ni huu: skauti kwa skauti, katika gwaride, wapeane wa kushoto. Kwa mzazi, kwa mzee, kwa mgeni, ni wa kulia, na shikamoo inatangulia.

Watoto nawapeleka Nyeri Februari, kwa siku ya kuzaliwa kwa Baden-Powell, tarehe 22. Alihamia huko mwaka 1938 pamoja na mkewe, Olave, katika nyumba ndogo ya Paxtu kwenye hoteli ya Outspan, ambayo mwenyewe, Eric Sherbrooke Walker, alikuwa amewahi kuwa katibu wake. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, naye ana miaka 83. Kaburi lake limechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ambayo skauti huiacha akiwa amerudi nyumbani. Watoto wa Mombasa hutetemeka kwa baridi ya Nyeri, kwa hiyo mablanketi yako katika orodha yangu kabla ya bendera.

Lakini safari ndefu ina hatari ambayo haiko majini wala barabarani. Kwa miongo mingi chama cha skauti cha Marekani, kilichoitwa wakati huo Boy Scouts of America, kilikuwa na majalada ya siri ya viongozi walioondolewa kwa kuwadhulumu watoto. Mwaka 2012 mahakama ya jimbo la Oregon iliruhusu zaidi ya majalada 1,200 yatolewe hadharani. Februari 2020 chama hicho kiliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na watu zaidi ya 82,000 wakajitokeza kudai walidhulumiwa walipokuwa watoto. Wengi walikuwa wazee kwa wakati huo. Walikuwa wameyabeba moyoni tangu utotoni.

Chama cha dunia kilikuwa kimepitisha azimio la kuwalinda watoto mwaka 2002 katika mkutano wake wa Thessaloniki, na kutoka humo yakaja mafunzo tunayoyafanya viongozi wote siku hizi. Masharti yake ni mepesi kuyataja: mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mmoja mahali pa faragha, asilale naye hema moja, asimwandikie ujumbe wa siri. Wasichana wakiwamo, awepo kiongozi mwanamke. Mtoto aambiwe mapema, kwa lugha anayoielewa, ni nani wa kumwendea akiona jambo baya, na hao wa kuwaendea wawe wawili, ili mmoja akiwa ndiye tatizo, mwingine yupo.

Hapa kwetu heshima ya mwalimu ni kubwa, na naipenda, nimeishi nayo. Lakini ni heshima hiyohiyo inayomfanya mtoto anyamaze. Wapo viongozi wazuri, wenye mioyo safi, wanaoudhika wanapoombwa cheti cha tabia njema cha polisi. Husema wameanza kulea vijana kabla mimi sijazaliwa. Nawajibu kwa upole kwamba cheti hicho hata mimi ninacho, kimo katika faili moja na fomu za ruhusa za wazazi, na mzazi yeyote anaweza kuja kukiona.

Mmoja alikataa kabisa. Alikuwa mwogeleaji hodari, fundi wa mafundo, watoto wanampenda, na alikuwa ajiunge nasi katika kambi ya ufukweni ya Agosti. Nilimpa muda alete cheti. Hakukileta, nami sikumuuliza sababu. Tulibaki na mwogeleaji mmoja, kwa hiyo kambi tuliihamishia bara, Taita, na kuogelea tukakuahirisha hadi Desemba, kaskazi itakapotuliza maji na mwalimu wa shule jirani atakapomaliza mafunzo yake.