Msitu Unapotembea: Macbeth wa Sinema Akitazamwa Kutoka Shirere

Aliyekulia Shirere hashangai msitu ukipewa nafasi ya mhusika. Upande wa mashariki wa mji wetu wa Kakamega umesimama msitu wa mvua, mabaki ya misitu mikubwa iliyowahi kutanda kutoka Kongo. Ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933, wakati homa ya dhahabu ilikuwa imepamba moto hapa kwetu na machimbo yakidai mbao na kuni. Tangu hapo umekuwa ukirudi nyuma, shamba kwa shamba. Kwetu, msitu kusogea ni habari ya kawaida.

Ndiyo maana, kila nikiona Macbeth wa filamu, naungojea Birnam. Shakespeare aliandika tanzia hii yapata mwaka 1606. Shujaa wa Uskochi anatabiriwa ufalme na wachawi watatu, naye anamuua Mfalme Duncan aliyelala nyumbani kwake kama mgeni. Baadaye anahakikishiwa kwamba hatashindwa mpaka msitu wa Birnam upande kilima cha Dunsinane. Anacheka, kwani nani aliona mti ukitembea? Kumbe askari wa Malcolm, mwana wa Duncan, wanakata matawi na kujificha nyuma yake. Jukwaani twasikia habari hiyo kinywani mwa mjumbe, kisha twaona matawi machache mikononi mwa waigizaji. Kamera haina kisingizio hicho. Mwongozaji hana budi kuamua kama huo msitu ni hila ya vita au ni kazi ya nguvu asizoziona mtu.

Orson Welles, mwaka 1948, alipiga picha zake kwa siku 23 katika studio iliyojulikana kwa filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, akauzamisha msitu katika ukungu. Roman Polanski, mwaka 1971, alichagua hila: tope, damu, na wanaume waliobeba matawi. Uzito wake aliuweka mwishoni, Donalbain, mdogo wake Malcolm, anapoelekea kwa wachawi. Ni nyongeza yenye nguvu, lakini msitu wenyewe umebaki pambo.

Aliyeufahamu msitu ni Akira Kurosawa wa Japani. Katika Kumonosu-jō ya mwaka 1957, Macbeth ni samurai Washizu, aliyeigizwa na Toshiro Mifune, na badala ya wachawi watatu yuko mzuka mmoja asokotaye uzi. Msitu ni ngome ya ngome: njia zake zinapotosha adui, na mwenyeji asipoangalia humpotosha pia. Washizu anawatangazia askari wake utabiri ili kuwatia moyo, nao wanashangilia. Usiku ule ndege wanaingia ukumbini kwa makundi. Hakuna anayeeleza kisa, lakini mtu wa Kakamega hahitaji kuelezwa: miti ikikatwa, ndege hukosa pa kulala. Kulipokucha, msitu unakuja katika ukungu, na askari wale wale wanamgeuzia mishale bwana wao. Mishale mingi ilikuwa ya kweli, ikifyatuliwa na wapiga upinde hodari, na hofu ya Mifune inaonekana. Hila na mizimu zimekuwa kitu kimoja. Utabiri umemuua kwa sababu aliutoa hadharani.

Vishal Bhardwaj, katika Maqbool ya mwaka 2003, aliuhamishia mkasa kwa majambazi wa Mumbai. Watabiri ni polisi wawili wala rushwa, walioigizwa na Om Puri na Naseeruddin Shah, na msitu umekuwa bahari: Maqbool yu salama hadi bahari iingie nyumbani kwake. Inaingia kwa sura ya maafisa wa forodha. Namheshimu sana kwa hilo. Aliuliza ni kitu gani mjini mwake ambacho watu huamini hakiwezi kuondoka mahali pake.

Justin Kurzel, mwaka 2015, aliuchoma msitu, majivu na cheche zikapeperuka hadi Dunsinane. Picha inapendeza mno, ila inapita haraka. Joel Coen, mwaka 2021, alipiga filamu nzima studioni, nyeusi na nyeupe, na majani yakamwagika ndani ya kasri la Denzel Washington. Kwake msitu ni wazo zaidi kuliko mti.

Kwa Kiswahili tamthilia hii ilifika mapema, S. S. Mushi alipoitafsiri kwa jina Makbeth mwaka 1968. Filamu ningeitaka ipigwe hapa. Kurosawa alichota mwendo wa waigizaji wake katika jukwaa la kale la Noh; mwongozaji wa hapa anayo isukuti ya Waisukha na Waidakho, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma hiyo hupigwa harusini na mazishini. Wapigaji wale wale wangemkaribisha Duncan nyumbani kwa mwenyeji wake jioni, na kumsindikiza kaburini.