Moto Katika Hewa Inayoipita Sauti

Skramjeti ni injini isiyobeba oksijeni. Roketi ya Scout iliyorushwa Aprili 1967 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ilipaa na kila ilichohitaji kuunguza fueli yake. Skramjeti huchota oksijeni hewani ikiwa safarini. Taabu ni kwamba hewa hiyo hupita ndani ya injini kwa kasi kubwa kuliko ya sauti. Chumba cha mwako kikiwa na urefu wa mita 1, na hewa ikienda kilomita 2 kwa sekunde, fueli, yaani haidrojeni, hupata nusu ya milisekunde tu kuchanganyika, kuwaka na kuungua.

Ramjeti, injini nyingine inayochota oksijeni hewani, huipunguza hewa mwendo kwanza. Lakini kasi ikizidi mno, hewa iliyozuiwa hupata joto la kuvunja molekuli, na nguvu nyingi hupotea. Mwaka 1958 Richard Weber na John MacKay wa NACA, shirika la Marekani lililotangulia NASA, walionyesha kwa hesabu kwamba juu ya mara 7 ya kasi ya sauti skramjeti ingeishinda ramjeti. Mtetezi mkubwa wa wazo hilo alikuwa Antonio Ferri, Mwitalia ambaye maisha yake yanafaa filamu: mtaalamu wa handaki la upepo la Guidonia, alipelekwa Marekani mwaka 1944 kwa msaada wa Moe Berg, mchezaji wa besiboli aliyegeuka jasusi.

Modeli za mwanzo za hesabu ziliichukulia skramjeti kama bomba linaloongezwa joto, fueli ikiungua papo hapo. Zilikuwa rahisi, na zilidanganya: haidrojeni hukawia kabla ya kuwaka, na katika mwendo huo kukawia kidogo ni kutoka nje bila kuungua. Mwaka 1988 Casimir Jachimowski wa NASA alitoa orodha ya mimenyuko 33 ya haidrojeni na hewa, ambayo watafiti wengi waliiingiza kwenye kompyuta.

Novemba 2004, X-43A, ndege ya majaribio ya NASA yenye skramjeti, ilikaribia mara 10 ya kasi ya sauti, kama kilomita 11,000 kwa saa. Kwa mwendo huo, Oyugis hadi Kisii kwa mstari mnyoofu ni sekunde zipatazo 7. Injini yenyewe iliwaka kama sekunde 10.

Kwa modeli za kompyuta, msukosuko wa hewa ndio mgumu zaidi. Vizingo vya hewa vilivyo vidogo kuliko vijisanduku vya gridi ya kompyuta hukadiriwa kwa fomula, na makadirio mawili tofauti yanaweza kutoa injini moja inayowaka na nyingine iliyozimika.