Nani Alisema Waini Nyekundu ni Dawa ya Moyo?

Wadau, mjomba wangu ana presha. Kila usiku anapiga glasi mbili za waini nyekundu, ukimuuliza anasema, "Hii dawa ya moyo." Nani kamwambia? Hajui. Nikaamua kufuatilia, kumbe habari yenyewe ina hadi tarehe.

Jumapili ya 17 Novemba 1991, kipindi cha 60 Minutes cha CBS kule Marekani kilirusha stori ya Wafaransa. Wanakula siagi, jibini na minofu yenye mafuta bila wasiwasi, lakini wanaokufa kwa moyo ni wachache kuliko Wamarekani. Mwanasayansi mmoja wa Kifaransa akasema siri huenda ni waini. Weee! Watu wakakimbilia madukani, mauzo ya waini nyekundu yakapaa.

Kwa nini nyekundu? Ni utengenezaji tu. Zabibu nyeusi nyingi ukizikamua, juisi yake karibu haina rangi. Rangi iko kwenye ganda. Kwa hiyo zinapondwa na kuachwa zichachuke na maganda yake siku kadhaa, hamira inakula sukari na kutoa kilevi na gesi, huku maganda yakiachia rangi na ule ukakasi unaousikia ulimini. Waini nyeupe maganda yanatolewa mapema. Sasa kwenye ganda hilohilo ndo kuna resveratroli, kitu kilichopewa sifa zote.

Shida ni kwamba lita nzima ina miligramu chache tu, wakati majaribio mengi ya maabara yalitumia dozi kubwa mno. Halafu 2012, chuo kikuu kimoja cha Connecticut kikatangaza kwamba profesa wake, jina kubwa kwenye utafiti huo, alikuwa anapika data. Aisee! Na tafiti nyingi za zamani ziliwahesabu walioacha pombe kwa sababu ya ugonjwa kama "wasiokunywa", ndo maana wanywaji walionekana wazima kuliko wenzao.

Kingine, tangu 1988, miaka 3 kabla ya kipindi kile, shirika la utafiti wa saratani la WHO lilishaweka pombe kwenye kundi la vinavyosababisha saratani. Januari 2023 WHO wakasema hakuna kiwango salama. Na pombe inapandisha presha, hiyohiyo ya mjomba.

Nimemtumia haya yote WhatsApp. Kasoma, hajajibu.