Mkutano wa soda na mkate

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, mathe alienda kuomba mkopo wa karo kwa sacco yake. Alikuwa ameweka akiba kila mwezi kwa miaka 11. Wakamwambia arudi wiki ijayo. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa semesta, na mimi nikawa huyu mnayemwona kwa simu zenu. Kumbe pesa za wanachama zilikuwa zimenunua shamba kwa bei ya ajabu.

Nikamuuliza, "Si nyinyi ndio wenye sacco? Mlikubali aje?"

Akanijibu bila kuniangalia: "Mwanangu, mkutano mkuu mimi huenda kuchukua nauli na soda."

Jibu hilo ndilo lilinifanya nianze kusoma historia.

Rochdale, Uingereza, 1844. Wafanyakazi 28, wengine wao wafumaji, walichanga pauni moja moja wakafungua duka la unga, sukari, siagi na mishumaa. Wakati huo wauza duka wengi walikuwa wanachanganya unga na takataka. Hawa wakaweka sheria zao: bidhaa safi, hesabu wazi, faida igawanywe kulingana na ulivyonunua. Na ile kubwa kabisa: mwanachama mmoja, kura moja. Uwe na hisa kumi ama mia, kura ni moja tu.

Huku kwetu, ushirika wa kwanza ulianzishwa 1908 pale Lumbwa, leo tunaita Kipkelion. Ulikuwa wa walowezi wazungu. Mwafrika alikuwa analima tu shamba lao, na kahawa yenyewe alikuwa amekatazwa kupanda. Sheria ya vyama ilikuja 1931, lakini ni ile ya 1945 ndiyo iliwafungulia wakulima Waafrika mlango wa kuunda vyama vyao. Kwa hivyo hiyo kura ambayo mathe aliibadilisha na soda, kuna kizazi kizima kilikaa nje ya mlango kikiitamani.

Sasa hii kitu inafanya kazi aje? Wenye chama ni wanachama. Kwa mkutano mkuu wanachagua kamati ya kuendesha mambo, na nyingine ya kuichunga hiyo ya kwanza. Wanapokea hesabu zilizokaguliwa, wanateua mkaguzi, wanaamua chama kinaweza kukopa hadi kiasi gani. Meneja ni mwajiriwa wenu. Yaani kwa karatasi, mathe ni bosi wa yule jamaa aliyemwambia arudi wiki ijayo.

Lakini bosi asiyesoma hesabu ni mgeni kwake mwenyewe. Wezi wa ushirika hawahitaji bunduki, wanahitaji ukumbi uliojaa watu wanaoinua mkono haraka ndio chakula kiletwe.

Na usiseme hii ni stori ya wazee. Wewe wa boda, wewe kondakta, wewe unayekatwa kwa payslip: uko kwa sacco. Mkutano wenu ni lini? Kamati ya kuchunga ni nani? Kama hujui, wao wanajua hujui.

Mkutano uliopita mathe alienda na miwani. Akasimama, akauliza nani aliidhinisha lile shamba, na kumbukumbu za kikao hicho ziko wapi. Ukumbi ukanyamaza. Halafu mama mwingine akasimama nyuma yake, na mwingine.

Majibu bado tunangoja. Soda alikunywa pia, ni yake.