Wapagazi wa Njia ya Everest

Msomaji, kama ungesimama juu ya Batian, ncha ya juu kabisa ya Mlima Kenya, ungekuwa kwenye kimo cha mita 5,199 juu ya usawa wa bahari, wala hapangekuwapo mahali pengine popote katika nchi yetu palipo juu kuliko nyayo zako. Sasa sikia jambo la ajabu. Katika nchi ya Nepal iko kambi iliyopigwa juu ya mawe na barafu, kwenye kimo cha mita 5,364. Mtu alalaye katika kambi hiyo yuko juu kuliko Batian, na bado hajaanza kuupanda mlima ulio mbele yake. Mlima wenyewe, ambao Wazungu waliuita Everest, Wanepali huuita Sagarmatha, na Watibeti huuita Chomolungma, una kimo cha mita 8,848.86, kwa kipimo kilichotangazwa na Nepal na China mwaka 2020.

Kila mwaka maelfu ya watu huiendea kambi hiyo. Wengi wao hawana nia ya kufika kileleni. Huenda kwa miguu siku nane au zaidi, wakiongozwa na mwenyeji, wakafika, wakatazama, kisha wakarudi. Nataka tuifuate njia hiyo pamoja, na katika kuifuata tuulize swali moja ambalo vitabu vingi vya milima hulipita upesi: mzigo ulibebwa na nani?

Hapo zamani njia hii haikupitwa na wageni. Nepal ilikuwa imewafungia milango watu wa nje, na Waingereza walipotaka kuujaribu mlima mwaka 1921 iliwapasa kuzunguka kupitia Tibet, upande wa kaskazini. Safari yao ilianzia Darjeeling, mji wa India, na huko ndiko walikowaandika wapagazi wao. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Washerpa. Jina hilo maana yake ni watu wa mashariki, kwa kuwa wazee wao walihama kutoka mashariki ya Tibet wapata miaka 500 iliyopita, wakavuka milima, wakakaa katika bonde la Khumbu, chini ya Everest. Hapo walifuga yaki, yaani ng'ombe wa manyoya marefu wa nchi za baridi, wakalima, na kufanya biashara kati ya Tibet na Nepal. Hawakuwa na desturi ya kupanda vilele, maana vilele vilikuwa vitakatifu kwao.

Mwaka 1922 Waingereza walirudi. Tarehe 7 Juni maporomoko ya theluji yaliikumba safu ya watu waliokuwa wakipanda. Wapagazi saba walikufa. Waingereza waliokuwa pamoja nao wakaokoka. Hivyo watu wa kwanza tunaojua kuwa walikufa wakipanda Everest walikuwa wapagazi. Lakini waulize wasomaji wengi ni nani waliokufa Everest zamani, nao watakutajia Mallory na Irvine, waliopotea mwaka 1924. Majina ya wale saba ni wachache wayajuao.

Hapa historia ya mlima ule wa mbali yaingia nchini kwetu. Eric Shipton alikuja Kenya mwaka 1928, akiwa kijana, kujifunza kilimo cha kahawa. Mwaka 1929 yeye na Percy Wyn-Harris, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, walifika Batian na Nelion, vilele viwili vikubwa vya Mlima Kenya. Mwaka uliofuata Shipton alirudi mlimani pamoja na mkulima mwingine wa huku, Bill Tilman, wakapanda kwa ukingo wa magharibi, ambao hata leo ni mgumu. Wote watatu walikwenda Everest baadaye. Na mwaka 1935, alipokuwa Darjeeling akichagua wapagazi, Shipton alimwona kijana mmoja aliyekuwa hajapata kazi hiyo hata mara moja, akamchukua. Kijana huyo aliitwa Tenzing Norgay.

Mambo yakageuka baada ya Vita Kuu ya Pili. Tibet ilifungwa kwa wageni wa magharibi, na Nepal ikaanza kufunguka. Mwaka 1950 Tilman, pamoja na Wamarekani wachache, alipita bonde la Khumbu hadi karibu na chini ya mlima kwa upande wa kusini. Hao walikuwa miongoni mwa wageni wa kwanza wa magharibi kuiona njia ambayo leo hukanyagwa na maelfu. Shipton akafuata mwaka 1951 kuichunguza zaidi, na mwaka 1952 Waswisi wakaijaribu. Tenzing na mwenzake Raymond Lambert wakafika mbali sana, lakini wakarudishwa na baridi na uchovu.

Kisha ukaja mwaka 1953. Kiongozi wa Waingereza, John Hunt, alihitaji wapagazi wapatao 350 kuchukua chakula, mahema, kamba na mitungi ya oksijeni kutoka bonde la Kathmandu hadi Khumbu. Hapakuwa na barabara. Safari ilichukua zaidi ya majuma mawili kwa miguu, ikipanda na kushuka milima, ikivuka mito. Mpagazi wa Nepal huweka mzigo katika tenga mgongoni, na uzito wake huushika kwa ukanda upitao juu ya kichwa, karibu na paji la uso. Sisi hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hilo, maana ndivyo akina mama wa Kikuyu walivyochukua kuni tangu zamani. Mkononi hushika fimbo fupi yenye kichwa kipana. Anapotaka kupumzika huisimamisha nyuma yake, akaegemeza tenga juu yake bila ya kulitua.

Kabla safari haijaanza, ulitokea ugomvi mjini Kathmandu ambao haufai kusahauliwa. Washerpa walipelekwa kulala katika banda la magari la ubalozi wa Uingereza, lisilo na choo, hali Waingereza wamelala vyumbani. Walikasirika sana, na asubuhi wakakojoa njiani mbele ya banda hilo wapate kuonyesha kwamba wamedharauliwa. Waweza kucheka, msomaji, lakini fikiri kwanza. Watu hao ndio waliotazamiwa kuwabebea wenzao mizigo mahali ambapo kosa dogo ni mauti. Hawakudai kitu kikubwa. Walidai wahesabiwe kuwa watu.

Tarehe 29 Mei 1953, Tenzing na Edmund Hillary, mfugaji wa nyuki kutoka New Zealand, walisimama kileleni. Aliyeanza maisha ya mlimani kwa kubeba mizigo ya wengine alifika juu akiwa mwenzi. Hata hivyo, heshima zilipogawanywa, Hunt na Hillary walipewa cheo cha Sir na malkia wa Uingereza, na Tenzing akapewa nishani. Ulimwengu ukaanza kubishana ni nani aliyetangulia kukanyaga kilele. Tenzing mwenyewe alieleza katika kitabu cha maisha yake kwamba Hillary ndiye aliyetangulia kwa hatua chache, na kwamba walipanda kama watu wawili waliofungwa kamba moja.

Hillary hakuwasahau watu wa Khumbu. Mwaka 1961 alisaidia kujenga shule katika kijiji cha Khumjung, na mwaka 1964 kikatengenezwa kiwanja kidogo cha ndege mahali paitwapo Lukla, ili vifaa vya ujenzi vifike kwa urahisi. Mwaka huo huo James Roberts, aliyekuwa askari, alianzisha mjini Kathmandu kazi ya kuwaongoza wageni kwa miguu milimani, na mwaka 1965 akawapeleka wanawake watatu wa Marekani kuelekea Everest. Mwaka 1976 eneo hilo lilifanywa hifadhi ya taifa. Kiwanja cha Lukla kilichokusudiwa kuleta mbao na mabati kikawa mlango wa wageni, na safari ya zaidi ya majuma mawili ikapunguzwa ikawa ya siku nane tu.

Basi na tuianze. Lukla iko kwenye mita 2,860 hivi. Siku ya kwanza njia yashuka mtoni, na mgeni hudhani safari ni nyepesi. Siku ya pili huvuka madaraja ya kamba za chuma yaningʼiniayo juu ya mto, kisha hupanda mlima mrefu hadi Namche, mita 3,440. Kwenye njia hii utapita kuta za mawe yaliyochongwa maneno ya sala. Adabu ya watu wa huko ni kuyaacha mkono wa kuume unapopita. Ukikutana na yaki waliobeba mizigo, kaa upande wa mlima, usikae upande wa genge.

Namche mwongozi atakuamuru upumzike siku nzima, na kijana mwenye nguvu aghalabu hulalamika. Katika zama za misafara ya kwetu kati ya pwani na bara, mtu aliyewatangulia wapagazi aliitwa kirangozi. Ndiye aliyejua njia, maji yaliko, na mahali pa kulala. Mwongozi wa Khumbu ni kirangozi wa namna hiyo, ila yeye hutazama jambo moja zaidi: damu na pumzi za watu wake. Kwenye kambi ya chini ya Everest msukumo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Mombasa, na kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni. Mwili waweza kuzoea, lakini wataka muda. Ndiyo maana kanuni ya milima yasema kwamba mtu akipita mita 3,000 asiongeze mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike. Asiyetii huumwa kichwa, hutapika, na akizidi kushupaa maji huweza kujaa katika mapafu au ubongo ukavimba, akafa. Dawa iliyo kubwa kuliko zote ni kushuka. Mwongozi mwema hujulikana siku anapomwambia tajiri aliyelipa fedha nyingi, "Turudi."

Siku ya nne utafika Tengboche, penye nyumba ya watawa wa dini ya Budha, na kutoka hapo utauona Everest ukichungulia nyuma ya ukuta wa milima. Siku ya tano ni Dingboche, mita 4,410, penye mashamba ya viazi yaliyozungushiwa kuta za mawe. Hapo hupumzika tena.  Kabla ya Lobuche utafika mahali penye upepo mkali ambapo pamejengwa minara ya mawe kuwakumbuka waliokufa mlimani, Washerpa kwa wageni. Siku ya nane utapita kandokando ya mto wa barafu, uendao polepole mno hata macho hayauoni ukienda, na alasiri utaiona kambi: mahema ya rangi nyingi juu ya mawe. Kilele chenyewe hakionekani kutoka hapo.

Ukiketi hapo kupumzika, watazame waliokuja nyuma yako na matenga. Wengi wa wapagazi wa njia hii leo si Washerpa bali ni watu wa makabila mengine, waliopanda kutoka mabonde ya chini kutafuta riziki. Miili yao haikuzaliwa katika hewa hii, na ugonjwa wa mlima huwapata kama umpatavyo mgeni; ila mgeni ana koti nene, na mpagazi mara nyingi hana. Juu ya kambi, mahali barafu ivunjikapo, tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka ikawaua Wanepali 16 waliokuwa wakitayarisha njia na kupandisha vifaa. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Aprili 2015, tetemeko kubwa liliipiga Nepal, maelfu wakafa, na maporomoko yakaifunika sehemu ya kambi yenyewe.

Msomaji, sisi si wageni wa jambo hili. Mjini Nairobi iko Kariokor, na Dar es Salaam iko Kariakoo. Majina hayo yametokana na jeshi la wapagazi la Vita Kuu ya Kwanza, ambamo makumi ya maelfu ya Waafrika walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, wakibeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao. Majina ya majenerali yameandikwa vitabuni. Ya wapagazi wengi hayakuandikwa popote, ila sokoni limebaki jina la kazi yao.

Kwa hiyo usomapo kwamba fulani alivumbua ziwa, au fulani alifika kileleni, usimnyime sifa yake, maana huenda aliistahili. Lakini uliza pia ni nani aliyemwonyesha njia, nani aliyempikia, na nani aliyelibeba hema alilolala. Na kama siku moja utapata bahati ya kupanda mlima, huko Nepal au hapa kwetu, mwulize mpagazi wako jina lake siku ya kwanza. Tazama kama ana viatu na blanketi. Kisha ukirudi nyumbani na kuisimulia safari yako, mtaje.