Dhima yenye ukomo kwa dereva mwenye lori lake

Sheria ya Marekani inataka lori la mizigo linalovuka mipaka ya majimbo liandikwe ubavuni jina la msafirishaji na namba yake ya USDOT, kwa herufi zinazosomeka mchana kutoka futi 50. Jina hilo mara nyingi huishia na LLC. Dereva wa Afrika Mashariki aliyehamia huko na kununua kichwa chake cha lori hushauriwa mapema azipate herufi hizo, na wanaomshauri humwambia kwamba zitamlinda. Zinamlinda, lakini si kwa kila jambo.

Kwa Kiswahili LLC naiita kampuni ya dhima yenye ukomo. Dhima hapa ni wajibu wa kulipa deni au fidia. Wapo wanaosema "kampuni ya dhima ndogo", nami naona jina hilo linapotosha. Kampuni ikidaiwa dola 500,000, inadaiwa zote, na mali yake yote inaweza kwenda. Aliyewekewa ukomo ni mwenye kampuni: hupoteza alichoingiza humo, lakini wadai wa kampuni hawaifuati nyumba yake.

Aina hii ilianzia Wyoming mwaka 1977, kwa msukumo wa kampuni moja ya mafuta iliyotaka kinga ya shirika pamoja na kodi ya ubia. Majimbo mengi yalijiunga baada ya mamlaka ya kodi kuukubali mpango huo mwaka 1988. Haifanani kabisa na Limited ya Nairobi au Dar es Salaam, kwani haina hisa wala haidai wakurugenzi. Ina wanachama, hata mmoja tu, na mkataba wa uendeshaji. Kikodi, LLC ya mtu mmoja kwa kawaida huhesabiwa kama mwenyewe. Kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 iko palepale.

Sasa tuje barabarani. Lori lenye shehena huruhusiwa kufikia ratili 80,000, takribani tani 36. Mwenye lori akisinzia kwenye usukani akagonga gari la watu, kosa ni lake kwa mikono yake, na sheria humdai yeye binafsi pamoja na kampuni yake. LLC haimkingi na uzembe wake mwenyewe. Kinachomwokoa hapo ni bima: kiwango cha chini cha serikali kuu kwa anayebeba mizigo ya kawaida ya watu ni dola 750,000, na madalali wengi wa mizigo hudai milioni 1. Akimwajiri dereva wa pili, ndipo kinga ya kampuni inapoanza kuonekana, maana kosa la dereva huyo kwa kawaida huishia kwenye kampuni, ila kama mwenye lori alimwajiri au kumsimamia kizembe.

Madeni ya matairi na mafuta yaliyochukuliwa kwa jina la kampuni hubaki ya kampuni. Mkopo wa lori ni habari nyingine. Benki humpa karatasi mbili: ya kwanza anatia saini kwa niaba ya kampuni, ya pili kama mdhamini, kwa jina lake. Hiyo ya pili humrudishia dhima ambayo ya kwanza ilimwondolea, na wengi huitia saini bila kuisoma.

Kampuni iundwe kwanza, kisha ndipo iombwe namba ya mlipakodi, ambayo ni bure, na kibali cha usafirishaji, ambacho ada yake ni dola 300. Kibali hufuata jina la mwombaji, na bima nayo lazima ilingane na jina hilo. Akaunti ya benki iwe ya kampuni peke yake. Anayelipia kodi ya nyumba na ada za watoto humo humpa wakili wa mdai hoja ya kumwambia hakimu kwamba kampuni na mtu ni kitu kimoja. Na kwenye kila mkataba wa mzigo, chini ya saini yake aandike cheo chake na jina kamili la kampuni.